Nyumba ya Siku Tatu

Arusha, nyuma ya soko
4 Februari 2024

Mwanangu Luqman,

Marahaba. Najua ungeniamkia kama ungekuwa hapa, kwa hiyo naitikia kabisa tusipoteze muda. Sisi hatujambo. Goti langu ndilo halisikii dawa. Binti yangu Twahira amehamia Moshono kwenye nyumba isiyo na dari, na kila akija hapa anasifia hewa ya kule. Mbuzi wa jirani amekula tena mchicha wangu, na jirani anasema nimemzoesha mwenyewe.

Usishangae kupokea karatasi. Simu ninayo na ni nzima. Lakini nimegundua kwamba kila nikikuuliza, "Luqman, unaishi wapi huko Lusaka, na unakula nini?" mtandao unakatika. Nikikuuliza habari za mpira, mtandao unarudi. Barua haina mtandao. Hii nimempa Dismasi, yule dereva wa lori wa Sakina anayepeleka mizigo Zambia, na nimemlisha chapati nne asiipoteze.

Sasa jambo lenyewe. Baba yako mdogo Iqbal anataka kuibomoa nyumba ya wazee. Jumatatu alikuja na fundi na futi kamba, wakapima sebule, wakapima uwanja, wakapima hadi mahali nilipokaa. Anataka kujenga fremu sita za maduka. Nikamuuliza, "Na mimi ninayelala humu?" Akasema, "Dada, wewe tutakupa fremu ya kona." Nikakae kwenye kioo kama sanamu la kuvalishia magauni!

Nyumba unaijua. Sebule ndefu yenye vitanda vya kamba, mlango uliojaa majina ya wageni waliochonga kwa visu vyao, na majembe yaliyotundikwa ukutani. Kila aliyeingia mji huu bila ndugu, awe Mmanyema, Mnyaturu, Msomali au Myemeni, alilala hapa siku mbili, na ya tatu alipewa jembe akatafute kazi kwenye mashamba ya mlimani. Wengine methali wanaisema, sisi tuliitundika ukutani.

Kuna binti wa ofisi ya utamaduni, anaitwa Lilian. Nilimfuata nikamlilia. Anasema nyumba inaweza kuingizwa kwenye orodha ya majengo ya kumbukumbu, na ikiingia hakuna wa kuigusa. Anataka vitu viwili: hadithi za wageni waliopitia hapa, na historia ya mwanzilishi. Hadithi nitazikusanya mimi. Historia andika wewe uliyefika kidato cha sita. Andika hivi: Mzee Mikidadi, babu yako, alikuwa mfanyabiashara mkubwa kutoka pwani, aliyeingia Arusha mwaka 1941 na punda arobaini, akajenga nyumba hii kwa ukarimu wake. Usiongeze, usipunguze.

Unaishi wapi, na unakula nini?

Shangazi yako,
Faudhia binti Mikidadi


Lusaka
19 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imefika ndani ya Ramadhani, na doa la mafuta katikati. Dismasi anaapa kwamba chapati hazikukaribia bahasha, ila doa lina umbo la chapati. Pole na goti, na mpe Twahira pole ya dari. Huyo mbuzi mfungie mlango.

Mimi mzima wa afya. Kazi inakwenda vizuri. Kama nilivyowaambia nilipofika, niko kwenye ghala la unga, na kila siku nina magunia mia mbili chini yangu. Chakula ni ugali, huku wanauita nshima. Makazi yana hewa ya kutosha.

Kuhusu babu, nimejaribu kuandika, lakini kila nikifika kwa punda kalamu inasimama. Shangazi, punda arobaini walilala wapi? Uwanja wetu haumtoshi mbuzi mmoja wa jirani. Walibeba nini kutoka huko pwani? Na mtu aliyeingia mjini na punda arobaini, imekuwaje afariki akiacha kofia mbili na redio? Isitoshe, marehemu baba aliniambia walikuwa punda ishirini. Au walizaana njiani kati ya hadithi ya baba na yako?

Nauliza kwa heshima. Lilian akiwa na akili nusu ya uliyonieleza, naye atauliza.

Baba mdogo msalimie, ila fremu ya kona usikubali.

Mwanao,
Luqman


Arusha
2 Mei 2024

Mwanangu,

Sikukuu tuliila salama, alhamdulillahi, na nilikutengea sahani kama mjinga. Masika imeshuka na mlima haujaonekana wiki ya pili sasa. Twahira amepata dari. Sasa paa ndilo linavuja, na dari inayahifadhi maji vizuri sana.

Unauliza punda walilala wapi. Punda hulala wakisimama. Tuendelee.

Nimenunua daftari kubwa na ninazunguka mtaani kukusanya hadithi. Kazi hii ina vituko. Nimeshahoji watu kumi na tisa, na kati yao kumi na mmoja babu zao walikuwa machifu. Nimemuuliza mmoja, "Huko mlikotoka nani alibaki wa kutawaliwa?" Akaninyima chai.

Lakini nyingine zimenigusa. Kuna bibi mmoja, baba yake alitoka Yemen akiwa kijana, akalala kwetu, siku ya tatu akakabidhiwa jembe. Hakuwahi kushika jembe tangu azaliwe. Akaligeuza kikaango, akaanza kukaangia buni, akauza kahawa pale sokoni hadi akaoa. Jembe hilo wanalo mpaka leo na bado linanuka kahawa. Nililishika mwenyewe.

Mwingine amenikumbusha jambo ambalo mama yangu alipenda kulisimulia. Wakati wa vita vya wazungu, wale wakimbizi wa Kipolandi walipokuwa kambini Tengeru, mama mmoja wa Kipolandi alikuja mjini akakosa lori la kurudi. Akalala kwetu. Siku ya tatu mama akampa jembe kama wengine, maana sheria ni sheria. Yule mama akalitazama, akacheka, akavua viatu, akapalilia mchicha wote mpaka lori lilipokuja. Mama alikuwa akisema hakupata kumpenda mgeni kama yule, na hawakuelewana neno hata moja.

Hizo zote nimeziandika. Kisha Lilian akasema twende kwa Mzee Sifaeli, ana kahawa na migomba huko juu ya Sekei. Ana miaka themanini na minane, mzee wa kanisa, na wageni wetu wengi walipelekwa kulima kwa baba yake. Tukapanda. Goti langu lilipiga kelele njia nzima. Tulipokwisha kukaribishwa nikamuuliza mbele ya Lilian, "Mzee, unawakumbuka punda wa baba yangu Mikidadi?"

Alicheka mpaka mkewe akaja na maji. Alipopata pumzi akasema, "Mikidadi? Mimi ndiye niliyemwona wa kwanza! Alikuwa kwenye migomba..."

Nikamwambia Lilian tuondoke, giza linaingia. Ilikuwa saa sita mchana.

Wazee wakifika umri ule husema mengi yasiyo na maana. Punda waandike kumi na wawili.

Hukunijibu unaishi wapi. "Makazi yana hewa" si anwani.

Shangazi yako,
Faudhia


Lusaka
23 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Lori la Dismasi lilikaa foleni ya Tunduma siku tisa na barua yako ndani. Anasema alisoma doa tu, hakuifungua.

Idi ya kuchinja ilipita vizuri. Leo Jumapili, wenzangu sita wametoka kwenda kutazama mpira, nami nimepata nafasi ya kuandika. Wakiwepo siwezi, maana mmoja akiona kalamu anataka aandikiwe barua kwa mchumba wake, na wengine wanasaidia kutoa maneno.

Hadithi ya kikaango nimewasomea kwa sauti. Nilipomaliza, mmoja, Mmalawi, akaniomba niirudie.

Shangazi, babu alikuwa kwenye migomba akifanya nini?

Nauliza si kwa ajili ya Lilian wala orodha yake. Mtu akiwa mbali na kwao huanza kujiuliza wenzake walifikaje kule walikofika. Siku ile ya kwanza alikula nini? Nani alimwambia karibu? Mwenye punda hahitaji kuambiwa karibu, wenye mji wanamfuata wenyewe. Hilo ndilo linalonisumbua katika punda wako, hata wakiwa kumi na wawili.

Jambo jingine. Baba mdogo amenitumia karatasi kwa basi. Anataka niitie sahihi kwamba nakubali nyumba ibomolewe, kwa kuwa nina sehemu ya marehemu baba. Anasema nikikubali nitapata fremu mbili. Sijamjibu.

Mwanao,
Luqman


Arusha
30 Julai 2024

Luqman,

Baridi ya mwaka huu imekuja na chuki binafsi. Nalala na mablanketi matatu na soksi za marehemu mume wangu. Twahira anasema Moshono hakuna baridi, na alisema hivyo akiwa amejifunika kanga nne. Mbuzi hajambo kuliko sisi wote.

Kaa chini usome polepole.

Jumamosi iliyopita kamati ilikuja nyumbani: Lilian, mkuu wake mwenye miwani, mwenyekiti wa mtaa, na majirani ambao hawakualikwa. Iqbal alikuja amevaa suti. Lilian alikuwa amemteremsha Mzee Sifaeli kutoka mlimani bila kunishauri, akamketisha kwenye kiti cha baba, na koti lake zito.

Nikasoma historia niliyoiandika mwenyewe, kwa kuwa wewe uliigomea. Mfanyabiashara, pwani, 1941, punda kumi na wawili. Nilisoma vizuri. Nilipokaa, Iqbal akasimama.

"Dada yangu amesema kweli tupu," akasema. "Baba alikuwa mfanyabiashara. Basi nyumba hii ilizaliwa kwa biashara. Mimi sitaki kuharibu historia. Fremu sita ni kuirudisha kwenye asili yake!"

Majirani wakapiga makofi. Mkuu mwenye miwani akatikisa kichwa kukubali, akaanza kuandika. Luqman, nilikaa pale nikawaona punda wangu mwenyewe wananikanyaga.

Nikamtazama Mzee Sifaeli. Alikuwa ananingoja. Nikasimama na goti langu nikasema, "Niliyosoma si kweli. Mzee, sema uliyoyaona."

Akasema, "Binti yangu, una hakika?"

"Sina. Sema kabla sijabadili mawazo."

Akasimulia. Alikuwa mtoto wa miaka mitano. Aliona majani ya migomba yanatikisika, akadhani nyani, akapiga kelele. Baba yake akaja na panga. Wakamkuta kijana amechuchumaa, shati halina mikono, anakula ndizi mbichi. Si hata za kuiva. Zile za kupika, tena na maganda. Walimuuliza jina akashindwa kutaja, kinywa kimejaa. Mwisho wakakuta karatasi ya kazi mfukoni imeandikwa Mikidadi. Baadaye akawaambia kwamba Mikidadi alikuwa mwenzake, walitoroka pamoja shamba la mkonge, na mwenzake akafia njiani kwa homa. Karatasi akabaki nayo. Yeye alitoka Kasulu, akaletwa kukata mkonge, akatembea siku kumi na moja asijue anakwenda wapi. Jina alilopewa na mama yake huko Kasulu hakupata kulitumia tena.

Baba yake Sifaeli hakujua amfanye nini. Kumpiga, anaona ataanguka. Kumwachia, kuna migomba. Akamshusha hadi nyuma ya soko kwa mjane mmoja wa Kiarusha aliyekuwa akiuza maziwa, kwa sababu alikijua Kiswahili. Jina lake Nalepo. Yule mjane alimtazama, akaweka kibuyu chini, akasema, "Mwache kwangu siku mbili ale. Ya tatu leta jembe, atakulimia."

Nalepo ndiye mama yangu, bibi yako, ambaye ninyi mlimjua kwa jina la Bi Halima. Nyumba ilikuwa yake. Aliijenga kwa maziwa yake kabla hajamjua baba. Mwanzilishi hakuwa baba yangu, Luqman. Baba yangu alikuwa mgeni wa kwanza, na tofauti yake na wengine ni kwamba hakuondoka.

Iqbal alikuwa bado amesimama. Akaniuliza kwa sauti niliyoisikia mara ya mwisho alipokuwa na miaka saba, "Dada, na punda je?"

"Iqbal, hakuna punda."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Akakaa chini na suti yake.

Sasa utauliza kwa nini. Mwaka 1974 walikuja watu wa Pangani kunichumbia. Watu wenye kujisikia. Wakiwa wanavua viatu mlangoni mmoja akauliza, "Huyu baba wa binti asili yake nini?" Mama alikuwa amebeba sinia la chai. Hakusita hata kidogo. Akasema, "Mfanyabiashara wa pwani, aliingia hapa na punda arobaini." Baba alikuwa ndani, akasikia, akakohoa. Nimeolewa kwa mgongo wa punda wale. Mume wangu amefariki akiwaamini. Nitawaondoaje?

Nilidhani mtaa utanicheka. Walicheka kweli, lakini kisha yule mmoja wa machifu, aliyeninyima chai, akanyoosha mkono. Akasema babu yake hakuwa chifu. Alikuwa mpishi, alifukuzwa kazi kwa kuunguza mchuzi. Halafu mwingine. Halafu mwingine. Imenibidi ninunue daftari la pili.

Mkuu mwenye miwani akafuta aliyoandika. Akasema, "Hii sasa ndiyo historia." Uamuzi utatoka mwezi wa kumi, ila warithi wote watatu wawe wamekubali, Iqbal, mimi, na wewe. Iqbal bado hajakubali wala kukataa. Jana nilimkuta amesimama mbele ya mlango, anasoma majina.

Mimi nimeyasema yangu mbele ya mtaa mzima, na Mzee Sifaeli, Mlutheri, shahidi. Sasa zamu yako. Nilimbana Dismasi, akala chapati sita bila kuniangalia usoni. Tulikuaga ukienda kuwa meneja wa ghala. Meneja gani analala na watu sita?

Faudhia


Lusaka
8 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nne. Mara ya kwanza nilicheka kwa ndizi na maganda. Mara ya nne sikucheka.

Magunia hayako chini yangu, Shangazi. Mimi ndiye niliye chini ya magunia. Nabeba mia mbili kwa siku, kutoka kwenye lori hadi ghalani. Sikudanganya hesabu, nilidanganya nani yuko juu.

Yule aliyeniahidi umeneja alinipokea kwa simu nilipovuka mpaka, akasema nimsubiri stendi. Nilimsubiri siku mbili. Simu yake ilizimwa, na nadhani bado imezimwa. Nilikuwa na suti niliyoagwa nayo na begi lenye vyeti. Suti niliivaa siku zote mbili nikiamini atanitambua kwayo.

Pale stendi kuna mama anauza maandazi. Siku ya pili jioni alinijia akasema kwa Kiswahili, "Kijana, huyo unayemsubiri haji. Twende." Jina lake Mama Batuli. Alizaliwa Ujiji, ameishi huku miaka thelathini. Hakuniuliza kabila wala dini. Aliniuliza kama najua kuosha vyombo. Nyuma ya nyumba yake kuna chumba kirefu, na tunaishi humo watu saba: Wakongo wawili, Mmalawi, Warundi wawili, kijana wa Tunduma, na mimi. Hewa ipo ya kutosha, kwa kuwa dirisha moja halina kioo. Hapo sikudanganya.

Kwa nini sikusema? Mlinichinjia mbuzi. Mtaa mzima ulinisindikiza. Mwenyekiti alitoa hotuba kwamba mimi ni balozi. Ningewaandikiaje kwamba balozi anabeba unga? Ningekuwa na mama kama Bi Nalepo pale mlangoni, angenitungia punda na mimi.

Kuna la pili, na hili ni gumu zaidi. Nilikuandikia kwamba sijamjibu baba mdogo. Ni kweli sikumjibu, lakini karatasi yake nilikuwa nimeshaitia sahihi siku mbili kabla. Niliona fremu mbili, nikaona mgongo wangu. Nilikuwa nangoja Dismasi anipitie aipeleke. Alipokuja alileta barua yako yenye hadithi ya kikaango, na nilipomaliza kuisoma nikamwambia mzigo wa baba mdogo haupo, apitie baadaye achukue jibu lako tu.

Karatasi ile nimekaa nayo tangu wakati ule. Leo nimeichana. Vipande vimo ndani ya bahasha hii, uvihesabu, visije vikabaki kwa Dismasi. Karatasi ya pili nimemwandikia Lilian kwamba nakubali, na sahihi yangu. Nyumba ibaki.

Swali moja. Kwenye daftari lako umeandika walioingia. Je, waliotoka wana ukurasa?

Mwanao,
Luqman


Tunduma, mpakani
21 Oktoba 2024

Mwanangu Luqman,

Marahaba. Barua hii nitakupa kwa mkono wangu, lakini nimezoea kukuandikia na hapa foleni ya malori haisogei, kwa hiyo acha niandike.

Habari za nyumbani. Twahira paa limezibwa. Nyumba imeingia kwenye orodha. Wameweka bango dogo la bluu, jina la Nalepo limetangulia, na Mikidadi anafuata kama mgeni wa kwanza. Iqbal ndiye anayewatembeza watu siku za Jumamosi. Hakuna aliyemwomba. Nilimsikiliza wiki iliyopita akiwaeleza watoto wa shule, na baba sasa amekula mkungu mzima. Nikamwita pembeni nikamwambia, "Iqbal, ni ndizi tatu." Akasema, "Dada, watoto wametoka mbali." Nimemwacha. Fremu hazitaji tena, ila futi kamba bado anatembea nayo.

Waliotoka wana ukurasa. Nimeuanza kwa jina lako, nikakwama, maana sikujua niandike nini kuhusu huyo mama. Nikajaribu kumwandikia yeye barua ya shukrani. Nimechana tatu. Kila niliyoandika ilikuwa ndogo. Mwanamke amenichukulia mtoto stendi, nami nimtumie karatasi yenye doa la mafuta?

Nikaenda Sakina gereji, nikamkuta Dismasi yuko chini ya lori. Nikamuuliza kiti cha pembeni kina mtu. Akasema, "Bibi, ni siku nyingi, na goti lako?" Nikamwambia goti litakuja pia. Twahira alilia, Iqbal alitoa hotuba. Mzee Sifaeli ameshusha kilo tatu za kahawa ya kwake, anasema mama anayelisha watu saba hawezi kuwa anapata usingizi, basi angalau anywe kahawa nzuri.

Nina miaka sabini na moja na sijawahi kulala nje ya Arusha, isipokuwa Pangani nilipoolewa, nayo sikuipenda. Sasa nimelala siku mbili kwenye lori. Jana mama mmoja wa hapa Tunduma aliniona nimekaa, akaniletea maji ya kuoga bila kuniuliza lolote. Nililia kidogo, Luqman. Nimewapokea watu maisha yangu yote, sikujua kupokelewa kukoje.

Asubuhi hii ilifika zamu yangu dirishani. Afisa ni kijana mwenye adabu. Akaniamkia, akachukua hati yangu mpya ya kusafiria, akauliza, "Bibi, unakwenda Zambia kufanya nini?"

Nikamwambia, "Kumshukuru mtu."

Akaitazama fomu yake juu hadi chini. "Hapa kuna biashara, masomo, matibabu na matembezi. Kushukuru hakuna."

"Basi andika pembeni."

"Bibi, pembeni haparuhusiwi kuandikwa."

Nyuma yangu foleni ikaanza kunung'unika. Mtu akapaza sauti, "Andika matembezi, mama, tuendelee!" Nikasema sitembei, ninakwenda kushukuru, na nimetoka mbali. Yule kijana akanitazama, akatazama kahawa ya Sifaeli niliyoikumbatia, akashusha pumzi.

Akaandika pembeni, kwa herufi ndogo, kisha akagonga mhuri.

Shangazi yako anayekuja,
Faudhia